Mwizi anayeiba asilimia 15 kila mwezi: kisa cha tenki la dizeli kwenye kituo cha pampu

Nilitafutwa kwa kituo hiki baada ya mlinzi wa pili nae kuanza kushukiwa. Yule wa kwanza alishaondolewa, walisema anafyonza dizeli usiku, wakamkata na mshahara wa mwisho, bosi wa vituo akaona hiyo imeisha, kumbe mwezi uliofuata daftari likaonyesha zimepungua lita 350. Sasa huyu mlinzi mpya hajamaliza hata mwezi, hajui hata ufunguo upi ni wa chemba na upi ni wa geti, ashapata mteja wa lita 350? Ndo hapo mtu mmoja wa hesabu akasema jamani hebu mtafuteni mtu aangalie lile tenki kwanza.

Kituo chenyewe ni cha kusukuma maji, kiko mbali, masaa matano ya barabara mbaya, hamna mtu anayekaa pale zaidi ya mlinzi na fundi anapita kila baada ya miezi mitatu. Umeme wa gridi upo ila ukikatika jenereta ya kVA 100 inajiwasha yenyewe. Tenki limezikwa nje ya chumba cha jenereta, silinda ya chuma iliyolala, kipenyo mita 2, urefu mita 3.2, yani lita elfu 10 na kidogo. Na kisima tunachovuta maji kiko mita 140 kutoka hapo, upande wa chini wa mteremko. Hiyo mita 140 ndo iliyonifanya niondoke siku hiyohiyo, maana kama dizeli haibebwi na mtu basi inaenda mahali, na mahali penyewe ni chini.

Kabla ya kufika niliomba wanitumie daftari la jenereta, picha za simu tu, kurasa zote za miezi 14. Ofisini wao walikuwa wanaangalia kitu kimoja, mafuta yaliyoingia toa yanayotakiwa kutumika, kinachobaki ni "upotevu", halafu wanakitoa kwa asilimia. Na ukiacha miezi ya mwanzoni, asilimia ilikuwa inakuja ileile, 15, mwezi baada ya mwezi. Mimi hilo ndo lilinishtua. Mwizi gani ana nidhamu hivyo? Mtu anayefyonza mafuta anachukua dumu mbili akipata nafasi, wiki ingine hachukui, akiwa na shida anachukua tano. Haangalii mita ya masaa ya jenereta akapiga hesabu ya asilimia.

Nikaziandika upya kwa masaa. Jenereta hii inachoma kama lita 17 kwa saa kwa mzigo wa zile pampu. Mwezi wa kwanza niliouchukua iliwaka masaa 92, ilipaswa kula lita 1,564, zikapungua 1,840, tofauti 276. Mwezi uliofuata masaa 31, tofauti 95. Mwezi wa mlinzi mpya masaa 118, tofauti zile 350. Gawanya mwenyewe, zote zinakuja kama lita 3 kwa kila saa ambayo injini inawaka. Umeme ukikaa vizuri hamna kinachopotea, umeme ukisumbua zinapotea nyingi. Sasa hapo una majibu mawili tu, ama injini inakula 20 sio 17 na kitabu cha mtengenezaji kimetudanganya, au kuna mahali mafuta yanatoka pale tu injini inapozunguka.

Ngoja niseme kitu kuhusu huyo mlinzi wa kwanza maana kesi yote imekaa kwenye mwandiko wake. Alikuwa anadipu, yani anazamisha kijiti cha kupimia kwenye tenki, kila siku asubuhi. Hakuna aliyemwambia kila siku, maelekezo yalisema kila wiki. Na siku ambayo jenereta haikuwaka anaandika "haikuwaka" halafu anaweka kipimo chake pale pale. Kuna sehemu moja umeme ulikaa siku 9 mfululizo bila kukatika na ameandika "haikuwaka" mara 9, kijiti kinasoma sentimita 112 toka siku ya kwanza mpaka ya mwisho, kinacheza milimita moja tu. Utasema aliandika uongo, mi pia niliwaza hivyo, ila siku ya 9 jioni boza lilikuja kushusha mafuta na dereva akadipu mwenyewe kabla hajafungua valvu, kipimo chake kiko kwenye karatasi ya kupokelea na kinatofautiana na cha mlinzi kwa milimita 2.

Hizo siku 9 ni ushahidi mzito kuliko watu wanavyodhani. Kwenye tenki hili, usawa ukiwa hapo katikati, milimita moja ya kijiti ni lita 6 na kitu. Kama lita 276 zilikuwa zinavuja kutoka kwenye tenki lenyewe sawasawa mwezi mzima, ni kama lita 9 kwa siku, kwa siku 9 ni lita 83, kijiti kingeshuka milimita 13. Hakikushuka. Na kama ni mtu anaiba, siku 9 jenereta imezima kimya hamna anayekuja ndo muda mzuri wa kuiba. Hakuiba. Kwahiyo kwa mkupuo mmoja tenki limetoka na mlinzi katoka, kabla sijawasha hata gari.

(Angalia kwamba siku moja au mbili zisingetosha. Kijiti kwa mkono wa mtu wa kawaida ukipata usahihi wa milimita 3 shukuru, hapo ni lita 19 huku au kule. Kufunga kila kitu masaa 36 halafu ukasema "tenki halivuji" kwa kijiti ni kujifurahisha, uvujaji wa lita 9 kwa siku hauonekani kabisa.)

Nilipofika nikaanza na vitu vya kawaida. Kisanduku cha mdomo wa kujazia kilikuwa na maji yamejaa nusu, gasketi ya kifuniko imekauka imepasuka, kwahiyo kila mvua maji yanapenya kwenda ndani. Nikapaka ile dawa ya kutafutia maji kwenye ncha ya kijiti, ikabadilika rangi mpaka milimita 40. Watu huogopa wakisikia sentimita 4 za maji ila chini kabisa silinda ni nyembamba, hizo ni kama lita 48 tu. Tatizo la maji ni jingine. Yanakaa chini ya dizeli, pale yanapokutana na dizeli vijidudu vinaota, vinatoa asidi, asidi inakula chuma kutokea ndani. Marekani shirika lao la mazingira lilichunguza matenki 42 ya dizeli, ripoti ikatoka 2016, asilimia 83 yalikuwa na kutu ya wastani au kali kwenye vyuma vya ndani na wengi wa wenye matenki hawakujua kabisa. Haya maji yetu yangeachwa miaka mitatu tungekuwa na kisa kingine kabisa, tena hicho ndo cha tenki lenyewe.

Kijiti nacho kilikuwa kimelika ncha, kimepungua milimita 12. Fundi aliyekuwa na mimi akaruka juu, "mkuu ndo hii hapa!" Nikamwambia hapana, kijiti kifupi kinasema uongo uleule asubuhi na jioni, leo na kesho, ukitoa kimoja kwa kingine uongo unafutika karibu wote. Kijiti kibovu kinakupa kiasi kisicho sahihi, hakili lita 3 kila saa. Tulikibadilisha lakini hakikuwa jibu.

Kingine kilichokuwa kinavuruga hesabu ni joto. Boza linasafiri mchana kutwa juani, dizeli inashuka ina nyuzi 35, ndani ya ardhi tenki liko 22. Dizeli inasinyaa kama 0.083% kwa kila nyuzi moja, kwahiyo mzigo wa lita 5,000 ukishapoa unapungua lita 54, hamna aliyeziiba, hamna zilipovuja, zimejikunja tu. Mlinzi wa kwanza kaandika siku moja baada ya boza, "yamepungua bila kuwaka", kaweka alama ya kuuliza. Hamna aliyemjibu. Na ofisini hiyo hiyo alama ya kuuliza ikaja kutumika kama ushahidi kwamba anajihami mapema. Hapa niliwakasirikia kidogo.

Sasa kazi yenyewe. Swali la kwanza, injini inakula 17 au 20? Tukaleta pipa la lita 200, tukachomoa paipu zote mbili kwenye injini, ya kuvuta na ya ritani, tukaziweka mpira mfupi moja kwa moja kwenye pipa, tenki la chini likawa nje ya mchezo kabisa. Tukaiwasha na pampu zote masaa manne. Pipa likapungua lita 68. Kumi na saba kwa saa, kitabu hakikudanganya. Sasa zile tatu ziko kati ya injini na tenki.

Kwa asiyezijua injini za dizeli, ritani ndo kitu watu wanakisahau. Injini inavuta mafuta mengi kuliko inayoyachoma, yanayobaki yanapoza na kulainisha pampu na nozeli halafu yanarudi tenkini kwa paipu nyingine. Kwenye hii injini yanayorudi ni mara tatu ya yanayochomwa. Ile paipu ya kuvuta ikiwa na tundu utajua haraka maana inavuta hewa, injini inakohoa, inazima, fundi anaitwa. Ritani ikitoboka injini haijui chochote. Inazunguka vizuri, moshi mzuri, sauti nzuri, inamwaga tu chini ya sakafu.

Jaribio la ritani tulilifanya kwa dumu la lita 20 na saa ya simu. Kwanza tukachomoa ritani pale injini inapoishia, ikamwagia kwenye dumu, dumu likajaa dakika 24. Halafu tukairudisha, tukafungua mwisho wake kwenye chemba ya tenki, dumu lingine lilelile size, likajaa dakika 25 na nusu. Tukarudia mara tatu kila upande, ikacheza sekunde chache tu. Lita 50 kwa saa zinaingia, 47 zinatoka. Mlinzi mpya alikuwa amesimama pale ameshika tochi, alivyoona nimeandika 3 kwenye kiganja akauliza, "kwahiyo mzee aliyenitangulia hakuiba?" Fundi akamwambia hakuiba.

Kuhakikisha tukaziba paipu ncha zote mbili na kuipa naitrojeni kidogo, presha ya bar 0.35. Ya kuvuta ilishikilia. Ya ritani geji ilirudi sifuri kabla sijafunga kalamu. Naitrojeni, sio hewa ya kompresa, na paipu tu, sio tenki. Nimeona watu wanapuliza tenki lenye mvuke wa mafuta, unaoweza kulipuka, kwa kompresa ya matairi, hao sijui niwaambie nini.

Tukachimba. Ritani ilikuwa sentimita 80 chini, inapita chini ya sakafu ya zege ya jenereta ndo maana hakuna aliyewahi kunusa kitu wala kuona doa. Pale inapotoka ukutani kuna elbo, ile kona ya paipu inayokazwa kwa nyuzi kama skrubu, na elbo imelika upande wa chini, tundu la kuingiza kijiti cha kiberiti. Kilichoila elbo kwangu ndo funzo kubwa kwa watu wa vituo vya umeme, maji na minara. Vituo hivi vina erthi ya shaba imezikwa kila mahali, na paipu ilikuwa imefungwa pamoja na hiyo erthi kwenye fremu ya jenereta. Shaba na chuma vikizikwa kwenye udongo wenye unyevu na vimeunganishwa, unakuwa umetengeneza betri, na kwenye hiyo betri chuma ndo kinacholiwa. Elbo ilikuwa karibu na erthi rodi kuliko kipande kingine chochote cha paipu, na nyuzi zake zilishakatwa rangi na fundi aliyeikaza. Juu ya hapo paipu ilikuwa ya galvanaizi, ambayo kwa dizeli haifai toka mwanzo, zinki inakutana na dizeli inatengeneza kitu kama sabuni kinachoziba filta. Nikarudi kwenye daftari, kweli filta zilikuwa zinabadilishwa mara mbili ya kawaida na hakuna aliyejiuliza.

Tenki lenyewe lilikuwa na anodi za kujitoa mhanga, yani vipande vya madini vinavyoachwa viliwe badala ya tenki, lakini hamna kitenganishi cha kuzuia umeme usipite kati ya tenki na paipu, kwahiyo anodi zilikuwa zinajaribu kulinda tenki, paipu, fremu na shaba yote ya kituo. Tukapima volti za tenki kwa elektrodi ya shaba na salfeti ya shaba, inatakiwa ifike hasi 0.85, tukapata hasi 0.58. Anodi zimeisha. Tenki halikuvuja, ila halikuwa linalindwa na kitu.

Udongo ulikuwa unanuka mpaka mita 1.8 ambapo tukakuta mfinyanzi, hapo ikasimama kwenda chini. Ila pembeni ilikuwa imefuata mchanga wa mtaro wa paipu, maana mchanga wa mtaro ni kama mfereji, mafuta hayaendi mviringo kama watu wanavyochora, yanafuata njia laini. Bahati mtaro wa ritani unaelekea tenkini na sio kisimani. Tulitoa udongo wote tulioweza, tukaweka kisima kidogo cha uchunguzi kati ya hapo na kisima kikuu. Sampuli mbili za maji zilizochukuliwa mpaka sasa ni safi, ya tatu itachukuliwa baada ya mvua. Nilivyopiga mahesabu ya miezi 14, jumla masaa 810, kilichomwagika ni kati ya lita 1,700 na 2,400, maana mwanzoni tundu lilikuwa dogo.

Sasa mtu atauliza, mbona kanuni na ukaguzi havikukamata? Hapa ndo pananiuma zaidi. Chukua kipimo cha Marekani cha mizania ya mwezi, yani kulinganisha mafuta yaliyoingia, yaliyotoka na yaliyobaki, wanaruhusu tofauti ya 1% ya mafuta yaliyopita jumlisha galoni 130, ambazo ni kama lita 492. Kwa mwezi wetu wa lita 1,840 ungeruhusiwa tofauti ya lita 510. Sisi tulikuwa 276. Tungepita kila mwezi na alama ya vizuri. Kile kipimo ni cha kituo cha kuuzia mafuta kinachopitisha malori kwa malori, sio cha jenereta inayowaka mara moja moja. Na matenki ya jenereta za dharura kule yaliachwa nje ya sharti la kugundua uvujaji toka kanuni zilipotoka 1988, yakaingizwa kwenye marekebisho ya 2015, na ya zamani yakapewa mpaka Oktoba 2018. Miaka 30. Kwahiyo sio sisi tu tuliosahau jenereta.

Na usidhani geji ya kielektroniki ingetuokoa. Bosi wa vituo alitaka kununua moja ya kutuma taarifa kwa simu, nikamwambia nunua ni nzuri kwa kujua kiwango, ila jaribio lake la uvujaji linafanyika muda tenki limetulia, hamna kinachoingia wala kutoka. Tenki letu likitulia lilikuwa halipotezi kitu. Ingetuandikia "salama" kila usiku miezi 14.

Tulichobadilisha: paipu zote mbili sasa ni za plastiki za kuta mbili, zina mteremko kurudi tenkini, na mwisho wa chini kuna chemba ndogo ambayo ukuta wa ndani ukitoboka mafuta yataonekana hapo, mlinzi anafunua anachungulia. Kitenganishi kimewekwa, anodi mpya, gasketi, maji yamefyonzwa. Fomu ya daftari ina safu ya masaa ya injini pembeni ya kipimo cha kijiti na safu ya maji, na ofisini hawapigi asilimia tena, wanapiga lita kwa saa. Ikifika 18 miezi miwili mfululizo mtu anapanda gari. Mzunguko wa kuchungulia chemba na mdomo wa kujazia ni kila siku 30 na unafanywa na mlinzi mwenyewe, tumemfundisha siku moja tu na anaweza, hamna sababu ya kusubiri fundi wa miezi mitatu.

Kwenye ripoti niliandika kwamba lile neno "wizi" ndo lililochelewesha. Tofauti isiyoeleweka kwenye tenki la chini unaichukulia kama uvujaji mpaka ithibitike sio, kule Marekani una masaa 24 ya kutoa taarifa. Hapa mtu alipatikana wa kubeba lawama siku ya kwanza, faili likafungwa, hamna aliyefunua hata chemba. Waliniomba niliondoe hilo aya, nikakataa, wakaacha.

Mlinzi wa kwanza alirudishiwa mshahara wake wote. Walimwita arudi kazini, akasema hapana, ashapata pengine. Nilimpigia mwenyewe kumuuliza kwanini alikuwa anadipu kila siku wakati ameambiwa kila wiki, akanambia, "mkuu, nilikuwa najua siku moja wataniuliza."